Passo ya cc 1000 hapa Mwanza: mlimani inalia, sheli inanyamaza

Nianze na aibu yangu tumalizane nayo mapema. Nilikuwa na hii Passo kama mwezi mmoja hivi, siku hiyo napanda Bugando, ndani tuko wanne, mimi, mama watoto, mama mkwe na mdogo wake mama mkwe, na hao wa nyuma wote wawili si watu wa kilo hamsini. AC iko wazi maana mama mkwe tunampeleka kliniki na jua la saa saba mnalijua, halafu kwenye buti kuna ndoo ya sato tuliyopitia Mwaloni. Katikati ya mlima boda ikanipita. Na sio boda tupu, ilikuwa imebeba gunia la mkaa na juu ya gunia kakaa mwenye mkaa wake, na yule mwenye mkaa akageuka kabisa kuniangalia usoni. Mguu wangu uko chini mpaka kwenye kapeti. Mama mkwe akauliza kwa upole tu, "Baba, hii gari imewaka kweli?"

Nimekaa nayo mwaka na miezi minne sasa, na wakiniibia leo usiku kesho natafuta nyingine hiyo hiyo. Nimeulizwa sana na watu wanaotaka gari ya kwanza, wengi wameshatishwa kwamba vile vigari havina nguvu, kwa hiyo naandika yote, mazuri na ya kukera.

Yangu ni Passo ya mwaka 2006, ile ya kwanza kabisa iliyoanza kutoka 2004, cc 996, injini ya pistoni tatu ile 1KR, automatiki ya gia nne, gia iko juu pale kwenye dashibodi na viti vya mbele vimeungana kama kochi la sebuleni. Nembo ya Toyota ila aliyeiunda ni Daihatsu, ndio maana ukikutana na Daihatsu Boon mnafanana kama mapacha. Ina urefu wa mita tatu na nusu na kitu, uzito kama kilo 900. Namba D. Nilitajiwa milioni 8 na nusu, nikalipa 7 na laki 6 baada ya kuzungushana wiki nzima.

Sasa kwa hela hiyo hiyo, au ukiongeza laki chache tu, hapa mjini unapata gari kubwa. Ndio mtego wenyewe. Nilitajiwa Mark II GX110, nikatajiwa Brevis imenyooka ndani viti vinang'aa kama vya waziri, na shemeji yangu mwenye Mark X alinisema vibaya mno, kwamba mwanaume mzima na familia yako unaenda kupanda kikopo. Nikajiuliza, Brevis iliyotoka Japani ikiwa na bei zaidi ya mara mbili ya Passo, imefikaje kuuzwa bei moja na Passo? Hakuna muujiza hapo wakuu. Aliyenayo anakimbia sheli. Anakuuzia gari na anakuachia deni la mafuta, halafu anaondoka anapiga mluzi. Na spea za yale magari ya piston sita ukizitafuta Mwanza unazunguka, unaishia kuagiza Dar ije na basi ushushiwe Nyegezi usiku wa manane. IST ndio ilinitamanisha kidogo, ile ya cc 1300 inachanganya vizuri kuliko Passo na haili sana, lakini IST ya kueleweka ilikuwa imenipita kwa milioni nne na zaidi kwa vile kila mtu anaitaka. Vitz ya cc 1000 ya umri kama huu ina injini ileile 1KR, bodi imezidi uzito kidogo, kwa hiyo ukipata Vitz safi chukua, yote ninayosema humu yanaihusu.

Hesabu iliyonimaliza ni hii. Naishi Buswelu, kazi iko mjini kati, ukijumlisha na kupeleka watoto shule na mizunguko midogo natembea kama kilomita 30 kwa siku, siku 26 za mwezi, inakuja 780. Passo yangu mjini inanipa kilomita 12 na nusu kwa lita. Sio ya kwenye makaratasi ya Wajapani hiyo, ni ya kujaza tenki mpaka pampu ikate, natembea wiki, narudi pampu ileile najaza tena mpaka ikate, nagawanya. Kwa hiyo ni lita 62 na kitu kwa mwezi, na tukipiga lita kwa elfu tatu hapo ni kama laki na elfu 87. Mark X ya shemeji tulipima siku moja kwa ubishi, akapata kilomita 7 kwa lita kwa foleni zetu hizi, na alijitahidi siku hiyo maana alijua anapimwa. Kwa kilomita zilezile 780 anachoma lita 111, laki tatu na elfu 34. Tofauti ni kama laki moja na elfu 47 kila mwezi, kwa mwaka unakaribia milioni moja na laki nane. Kwa mshahara wangu hiyo ni ada ya mtoto na mabati ya upande mmoja.

Watu wa bara tunaumia zaidi pia, maana mafuta mpaka yafike huku Kanda ya Ziwa yameshalipiwa safari yake, ukiangalia bei za EWURA, ile mamlaka inayotangaza bei za mafuta kila mwezi, Mwanza hatujawahi kulingana na Dar. Ndio maana Jumanne ya mwanzo wa mwezi jioni unaona sheli za Nyakato zina foleni, watu wanawahi kabla bei mpya ya Jumatano haijaingia. Na kitu kingine watu wamesahau, zamani tulikuwa tunalipa road licence kila mwaka kulingana na ukubwa wa injini, 2017 serikali ikaifuta ikaihamishia kwenye mafuta, shilingi 40 kila lita. Wengine walishangilia wakasema imefutwa. Haijafutwa bana, unailipa pale pampuni, na anayechoma lita nyingi ndiye anayelipa nyingi.

Safari ndefu ndio inanifurahisha kabisa. Nilienda Shinyanga na kurudi, kilomita 330 na kidogo, tuko wawili, mwendo wa 80 mpaka 90, niliporudi nikajaza lita 19 na nusu. Hiyo inacheza kwenye 17 kwa lita. Nilimuomba dogo wa pampu ahakikishe imekata kweli.

Haya tuje kwenye uzito, maana ndio wengi mnauliza. Ni nzito kuchanganya. Siwezi kukudanganya. Injini inatoa farasi 71 kwa maandishi, na hapo kuna jambo ambalo watu wa Dar wanaotuambia "mbona yangu inaenda tu" hawalijui. Sisi tuko juu. Ziwa lenyewe, maji yale unayoyaona pale Capri Point, yako mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, na milima tunayoishi iko juu zaidi ya hapo. Hewa ya huku ni nyepesi, injini isiyo na tabo inavuta hewa pungufu, na inapungua nguvu kama asilimia kumi kwa kila mita elfu moja. Kwa hiyo zile 71 ukishafika Mwanza zimebaki kama 62 au 63. Mark X ina 215, nayo inapungua lakini tajiri akipoteza shilingi hasikii. Mimi nilizopoteza ndio zilikuwa za kupandia Bugando. Mpwa wangu alishika simu akapima kutoka kusimama mpaka 80, tukiwa wawili, AC imezimwa, tambarare: sekunde 13 na kitu. Tukawasha AC tukarudia, 15 na nusu. Mpwa akaomba tusirudie tena.

Ila kuna uzito wa kuzaliwa na uzito wa ugonjwa, na wauzaji wanauza wa pili kwa kisingizio cha kwanza. Hii sehemu isome vizuri. Passo ya kwanza niliyoenda kuiona ilikuwa yadi moja hapa mjini, sitaitaja, nyeupe, inang'aa, rimu za mchezo. Nimefika saa nne asubuhi na fundi wangu, kijana wa Mabatini ambaye anaongea kidogo sana, dalali anatuelezea jinsi ilivyokuwa ya mama mmoja mtumishi haijawahi kutoka nje ya mji, fundi hasikilizi, kaenda moja kwa moja kaweka kiganja juu ya boneti. Akakiacha pale kama anayepima homa ya mtoto. Akaniita, "Broo, weka mkono." Ya moto. Tulisema tunakuja saa nne na gari imeshawashwa kabla hatujafika. Akamwambia dalali tutarudi kesho saa moja asubuhi, msiiwashe. Dalali akaanza kucheka cheka, kesho yake tukawahi saa kumi na mbili na nusu, boneti ya baridi, fundi akasema washa. Ikapiga mara tatu ndio ikawaka, ikatoa moshi wa bluu nyuma mwingi tu, na taa ya injini ikawaka haikuzimika, kumbe walikuwa wanaifuta na mashine kila ikija mteja. Fundi akafungua kifuniko cha oil injini ikiwa inaunguruma, pakapumua moshi kama chungu cha ugali. Tukaelekea kuijaribu mlimani, ikawa nzito hata tambarare, dalali yuko nyuma anasema, "Hizi za cc 1000 ndivyo zilivyo, kaka."

Sivyo zilivyo. Ile nzima ukikanyaga inapiga kelele nyingi na inaenda polepole, lakini inaenda, na inaongezeka sawasawa bila kukatakata. Gonjwa inakatika, inakohoa, au inapiga kelele bila kuongeza mwendo kabisa. Na magonjwa yake mengi ni ya bei ndogo ukiyajua: airkilina iliyojaa vumbi la Usagara, koili moja imekufa (na kwa pistoni tatu ikifa moja umepoteza theluthi ya gari, sio robo kama wenzako), masega ya kwenye ekzosi (yale ya kuchuja moshi) yameziba, breki zimeng'ang'ana hazirudi, tairi hazina upepo. Hayo unarekebisha. Ya kukimbia ni moshi wa bluu na giaboksi inayoteleza, ile ya kwamba unakanyaga mshale wa rpm (mizunguko ya injini) unapanda halafu gari inakuja kukumbuka baadaye. Ile nyeupe tuliiacha pale. Niliyonunua nilipata kwa mwalimu mmoja wa Ilemela, mlango wa nyuma umekwaruzwa, rangi imefifia juu, tuliikuta ya baridi kabisa na umande kwenye kioo, ikawaka mara moja.

Nisisahau, zipo Passo za 4WD pia. Usiingie tamaa kwa sababu tu bei imelingana. Ni nzito zaidi, injini ndiyo ileile, na mafuta inakula zaidi. Chungulia chini nyuma, ukiona difu huko achana nayo, labda uwe unaishi shamba kwenye tope.

Kuendesha sasa. Mlima unauanzia chini, sio katikati. Kosa langu la siku ile ya Bugando ni kwamba nilifika mwanzo wa mlima nimepoa nyuma ya daladala, nikaanza kukanyaga baada ya gari kuwa imeshachoka, na automatiki ya gia nne ikawa inahangaika inapanda inashuka haijui ikae wapi. Siku hizi nazima AC kabla ya mlima, nashusha gia mwenyewe mapema, naiacha injini ipige kelele kwa rpm elfu nne. Inatisha mwanzoni, unahisi unaiua, lakini nguvu yake ya kuvuta iko kule juu, kwenye 3,600 hivi, ukiipandisha kwa huruma kwa rpm elfu mbili ndio unaitesa. Zile barabara za mawe za kupanda mitaa ya milimani, watu wanne ndani, naenda nayo mpaka juu bila kusimama. Polepole. Mama mkwe ameshazoea, siku hizi anasali tu kimyakimya.

Kuovateki ndio sehemu ya kuwa na adabu. Karibu nijifunze vibaya, kati ya Kisesa na Magu, mbele yangu lori refu linaenda 60, nikaona wazi nikatoka. Nimefika usawa wa mlango wa dereva wa lori ndio nagundua AC iko wazi na gari haiongezeki, na mbele kule kuna Noah inakuja na taa inawasha inazima. Mama watoto hakupiga kelele, alisema tu "Rudi" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena, nikakanyaga breki nikarudi nyuma ya lori, mikono inatetemeka mpaka Magu mjini. Usiku nikakaa nikapiga hesabu. Lori la mita 18, ukiweka nafasi ya nyuma na ya mbele unahitaji kulizidi kama mita 50. Lenyewe linaenda 60, wewe kwa kujikongoja una wastani wa 75, unalizidi kwa kama mita 4 kila sekunde. Ni sekunde 12. Kwa sekunde 12 wewe umetembea mita 250, na anayekuja na 80 naye katembea zaidi ya 250. Yaani unahitaji zaidi ya nusu kilomita nyeupe kabisa ndio utoke, na kwa barabara zetu nusu kilomita nyeupe sio ya kuipata kila kona. Kwa hiyo siovateki malori mawili yaliyofuatana. Nakaa nyuma naenda mdogo mdogo, nafika dakika ishirini baada ya wenzangu. Na mimi sijawahi kupigwa tochi hata siku moja, shemeji elfu 30 zake za trafiki kwa mwaka jana tu tukizijumlisha ananunua betri.

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe, Juni 2025, nimevuka nayo mara tano kwenda Sengerema, kwenye misiba na harusi. Zamani pale ilikuwa unapanga foleni ya kivuko, injini umezima, unakula samaki wa kukaanga na mahindi, unasubiri zamu yako, na ukikuta malori yamejaa unaweza kukaa saa mbili. Sasa ni kilomita tatu za lami juu ya maji, dakika tano. Upepo wa ziwa ukikukuta kule katikati na kigari cha kilo 900 unausikia kwenye usukani, unashika kwa mikono miwili. Ila kuna raha fulani pale, Land Cruiser ya mkubwa na Passo yangu wote tunavuka bila kupanga foleni ya kivuko.

Ya kukera yapo na sitayapunguza. Inatetemeka ikiwa imesimama kwenye foleni, pistoni tatu ndio tabia yake, lakini mauntini (zile zinazoshikilia injini) zikichoka inakuwa kama uko kwenye mashine ya kusaga, kioo cha ndani kinacheza huoni nyuma. Buti ni la kudanganyia watoto, begi mbili za shule na ndoo moja limejaa, nikienda sokoni nalaza kiti. Chini iko chini, kwa barabara za Nyasaka baada ya mvua, mawe yanayochomoza unayakwepa kama unacheza rede, na nimeshagonga tumbo mara mbili. Kelele za barabarani zote zinaingia ndani, ukifika 100 mnaongea kwa kupaza sauti kama mko kwenye mtumbwi wa injini. Na heshima, tuseme ukweli, walinzi wa ukumbini wanakuonyesha upaki kule nyuma karibu na jenereta. Mimi mwenyewe sijali ila mama watoto ilimchukua muda.

Lakini kwenye kupaki mjini, Kenyatta Road pale au mitaa ya Makoroboi, hapo hakuna wa kunibishia. Duara lake la kukata kona lina nusukipenyo cha mita 4.3, naigeuza barabara nyembamba mara moja wakati wenye magari yao makubwa wanaenda mbele nyuma kama wanachonga mtumbwi na makonda wanawatukana.

Matengenezo kwa muda wote huo, nisiongope sijaandika kila kitu, ila makubwa nayakumbuka. Oil inaingia lita tatu na kidogo, nanunua galoni ya lita nne, inayobaki ndiyo ya kuongezea kwa miezi mitatu. Naongezea kwa sababu injini ya umri huu inapunguza oil kidogo kidogo, kwa hiyo kila Jumapili asubuhi kabla ya ibada navuta stiki naangalia, na mwenye gari hii asiyevuta stiki atakuja kulia. Fundi mmoja, sio wangu, alinishauri niweke ile oil nzito ya 20W-50 "ipunguze kula", nikakataa, ile nzito inaficha tu ugonjwa na inaifanya injini ndogo iwe nzito zaidi, mimi naweka 5W-30. Plagi ni tatu tu, unalipa tatu. Mkanda wa taiming haina, inatumia cheni, kwa hiyo hakuna ile habari ya kubadilisha mkanda kila kilomita laki. Wota pampu ilianza kuvuja mwezi wa nane nikabadilisha, na tangu hapo sitii maji ya bomba, naweka kulanti. Oil ya giaboksi niliibadilisha wiki ya kwanza kabisa, ilitoka nyeusi kama kahawa ya Bukoba, na baada ya hapo ikawa inabadilisha gia bila kushtuka. Bushi na bolijointi za mbele hizo zihesabu kama sadaka ya barabara za huku. Spea zake zote nimezipata hapahapa mjini, mpya au za mtumba, siku hiyo hiyo.

Nani asinunue? Kama kila wiki uko njia ya Musoma au Geita na una haraka, utakufa kwa presha kabla ya ajali, tafuta cc 1300 au 1500. Kama unabeba mizigo ya duka, hapana. Ukiwa na watoto wanne na dada wa kazi, pia hapana, nyuma wanakaa watatu wembamba. Kama unaishi mjini hapa, mshahara unaujua, kilomita zako ni za kwenda kazini, shule na kanisani, nenda kaitafute, na ukienda kuiona nenda saa kumi na mbili asubuhi kabla hawajaiwasha.

Shemeji aliiazima wiki mbili zilizopita kwenda Misungwi kwenye mnada wa ng'ombe, Mark X yake ilikuwa gereji. Karudi analalamika eti baiskeli ilimpita pale Buhongwa, na taa ya mafuta inawaka. Hajajaza hata lita. Mimi Jumamosi naenda Mabatini kubadilisha mauntini ya kulia, fundi kaniambia nije nayo mapema, tena nisiiendeshe kwa kasi njiani, anataka kuisikia ikiwa bado haijapata moto. Nikacheka. Kasi ipi.